Gari la Kasi Linalopunguza Oili Lipimwe Kabla ya Kushushwa Injini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze kwa nini sikubaliani na ushauri unaorudiwa mara kwa mara katika kurasa za magari na katika gereji zetu, kwamba gari la michezo likipunguza oili kati ya sevisi moja na nyingine, basi injini yake imekwisha na mwenye gari ajiandae kuishusha na kuifungua yote. Ushauri huo unawagharimu watu fedha nyingi, hasa vijana walioagiza kutoka Japani Subaru Impreza zenye turbo (kifaa kinachosukumia injini hewa zaidi), Mazda RX-8 na magari mengine ya jamii hiyo, kwa sababu unachanganya mambo mawili ambayo fundi makini huyatenganisha kabla hajashika spana: oili inayovuja nje ya injini na oili inayoungua ndani yake.

Nianze na kuvuja, tena kwa Subaru, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka zaidi barabarani kwetu. Injini zake za jamii inayoitwa EJ zimelaza silinda nne ubavu, mbili kila upande, hivyo kava za tapeti, yaani vifuniko vya upande wa vali, hazikai juu kama katika injini nyingi bali zinatazama pembeni, na ukingo wa chini wa kila kava hulowa oili muda wote injini inapofanya kazi. Gasketi ya hapo ikikauka kwa joto na umri, oili hudondokea mabomba ya ekzosi yanayopita chini yake, na dereva akisimama kwenye foleni hunusa harufu ya kuungua mpaka ndani ya gari, ilhali moshi unaotoka nyuma ni safi kabisa. Mwenye gari wa namna hiyo akiambiwa kwamba ringi za pistoni, zile zinazozuia oili isipande ndani ya silinda, zimechoka, anaibiwa, hata kama anayemwambia hana nia ya kumwibia. Gasketi za kava mbili, pamoja na sili zinazozunguka mashimo ya plagi, ndizo zilizopaswa kuangaliwa kwanza.

Si kila mvujo wa Subaru ni mwepesi hivyo, na hapa ndipo ninapotofautiana pia na wale wanaosema matone machache ni kawaida ya gari mzee. Nyuma ya injini, pale inapoungana na giaboksi, kuna bamba la kutenganisha oili na mvuke ambalo katika injini nyingi za miaka ya 1990 lilikuwa la plastiki, na baadaye kiwanda kikaweka la chuma. La plastiki hupinda, oili ikaanza kuchuruzika, na mafundi wengi huilaumu sili ya nyuma ya krankshafti (mhimili mkuu wa injini) iliyo jirani yake. Giaboksi inateremshwa, sili inabadilishwa, bamba linaachwa palepale, na baada ya muda mfupi oili inaonekana tena sakafuni. Kwa kuwa kazi ya kuteremsha giaboksi ndiyo yenye gharama, akili ya kawaida inataka vyote viwili vibadilishwe kwa mkupuo mmoja, kabla oili haijafika kwenye klachi ikaanza kuteleza. Mbele ya injini hatari ni kubwa zaidi, kwani sili za kemshafti (mihimili inayofungua vali) na ya krankshafti zikivuja, oili hurukia mkanda wa taimingi na kuulainisha. Mkanda huo ukikatika katika injini za EJ zenye kemshafti mbili kila upande, vali hugongana na pistoni. Tone lililodharauliwa kwa sababu ni dogo linaweza kuwa ndilo linaloua injini nzima.

Kuna chanzo kingine cha kuvuja ambacho sioni kikitajwa sana, nacho ni upumuaji wa injini. Katika kila injini gesi kidogo hupenya kando ya pistoni na kuingia kwenye sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, na katika injini ya turbo hupenya nyingi zaidi kwa sababu ya mgandamizo mkubwa. Gesi hiyo hutolewa kupitia mipira na vali ndogo inayoirudisha upande wa hewa ili ikaungue. Vali hiyo ikiziba kwa tope la oili iliyokaa muda mrefu bila kubadilishwa, shinikizo ndani ya injini hupanda na kutafuta njia pengine: hutoboa kwenye sili dhaifu kuliko zote, husukuma oili kwenye mabomba ya hewa, na huzuia oili ya turbo isishuke vizuri kurudi kwenye sampu. Mhimili wa turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ukielea juu ya oili, na oili hiyo ikikwama njiani hupenya hadi kwenye ekzosi ikatoka moshi wa bluu. Kwa hiyo mtu anaweza kubadilisha sili zote, akanunua na turbo nyingine Kariakoo, na gari likaendelea vilevile kwa sababu ya kipuri ambacho bei yake haifiki hata sehemu ndogo ya gharama aliyokwisha kuitoa.

Kuhusu oili inayoungua, moshi wenyewe husema mengi kwa anayejua kuusoma. Moshi wa bluu unaotoka gari linapovutwa kwa nguvu huelekeza kwenye ringi au turbo; unaotoka baada ya kuteremka mlima mrefu kwa gia, mara tu dereva anapokanyaga tena mafuta, huelekeza kwenye sili za vali, kwa kuwa wakati wa kuteremka injini ilikuwa ikivuta hewa kwa nguvu na oili ikafyonzwa kando ya vali. Moshi mdogo wa asubuhi katika Subaru, unaotoweka baada ya muda mfupi, mara nyingi hauna maana yoyote mbaya: silinda zimelala, na oili kidogo hubaki upande wa chini wa silinda usiku kucha.

Mazda RX-8, iliyotengenezwa tangu 2003 hadi 2012, ndiyo inayoonewa kuliko zote. Injini yake haina pistoni. Ina rota mbili zenye umbo la pembetatu ndani ya ujazo wa sentimita za ujazo 1,308 tu, na ncha za rota hizo zina sili zinazosugua ukuta wa chumba cha mwako. Sili hizo zinahitaji oili ya kuzilainisha, hivyo Mazda iliweka pampu inayoingiza oili kidogo kidogo ndani ya chumba hicho kwa makusudi ili ilainishe na kuungua pamoja na petroli. Injini ya rota ya kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoshinda mashindano ya saa 24 ya Le Mans mwaka 1991, ikiwa ndani ya gari la 787B, kwa hiyo hatuzungumzii ubunifu wa kubahatisha. RX-8 inayopunguza oili taratibu inafanya ilivyoagizwa. Mimi ningeishuku zaidi ile ambayo muuzaji anaapa kwamba haijapungua hata tone, kwa sababu huenda pampu hiyo imekufa na sili zinasagika zikiwa kavu, na dalili za kwanza zitakuwa kushuka kwa mgandamizo, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya injini, na injini kukataa kuwaka ikiwa ya moto.

Ninachopendekeza kwa mwenye gari ni kipimo rahisi kabla hajakubali lolote. Alisimamishe gari mahali tambarare, asubiri injini itulie oili yote ishuke, ajaze mpaka alama ya juu ya kijiti, kisha aendeshe kilomita 1,000 kama alivyozoea na kujaza tena kwa chombo chenye vipimo. Katika Subaru hizi nafasi kati ya alama mbili za kijiti ni kama lita moja, hivyo hata kwa macho makadirio hupatikana. Vitabu vya magari ya Audi husema wazi kwamba matumizi ya hadi nusu lita kwa kilomita 1,000 yanakubalika, na hao hawasemi injini ishushwe. Akiona imepungua kuliko hapo, na chini ya gari pamekauka, basi adai kupimwa mgandamizo wa kila silinda na kuonyeshwa namba zilizopatikana. Fundi asiyeweza kuzionyesha asipewe ruhusa ya kufungua.

Dawa inayotolewa haraka ni kumwaga oili nzito, kwa hoja kwamba zile za 5W, kama 5W-30, ni za nchi za baridi. Namba ya pili ndiyo inayoeleza uzito wa oili injini ikiwa imepata moto, nayo hupimwa kwenye nyuzi joto 100 za Selsiasi, ambazo hazibadiliki uwe Mbeya au Tanga. Oili nzito isiyoagizwa na kitabu inaweza kupunguza mvujo kwa macho na wakati huohuo kuchelewa kufika kwenye turbo kila asubuhi. Yapo magari yanayostahili uzito huo, mathalani BMW M3 ya miaka ya mwanzo ya 2000 ambayo kiwanda chenyewe kiliiagizia 10W-60, lakini ilijengwa hivyo tangu mwanzo.

Wakati kipimo kinaendelea, oili isiachwe kushuka chini ya alama. Gari la aina hii likikata kona kwa kasi huitupa oili upande mmoja wa sampu, na ikiwa ni pungufu pampu huvuta hewa. Beringi za krankshafti huharibika papo hapo, na hapo kweli injini itashushwa.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, lakini sisi wa Tanzania tunaoagiza ya zamani zaidi na kulipia kodi ya uchakavu ndio wenye sili na gasketi kongwe, na ndio tunaouziwa magari ambayo injini yake imeoshwa kwa presha ikang'aa siku mnunuzi anapofika yadi. Naomba kurasa zako za magari ziwaambie wasomaji waikatae injini iliyooshwa, warudi kuiangalia baada ya gari kuendeshwa siku kadhaa, na waombe namba za mgandamizo ziandikwe kwenye karatasi ya mauziano kabla fedha haijabadilisha mikono.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Ilala, Dar es Salaam