Barua kwa mwanangu: 60 na 100 haizae 160

Mwanangu mama,

Siye huku Bukavu tuko muzuri, wadogo zako wanakusalimia, kurani, umeme wetu, inakuja na kuondoka vile unaijua. Nimesoma ulizo lako, kwamba profesa amewapa mawimbi mawili ya kurani, moja ya 60 Hz (hertz, mara 60 kwa sekunde), ingine ya 100 Hz, yamejumlishwa, na anataka frekansi ya hiyo jumla, yaani inajirudia mara ngapi kwa sekunde, wenzako wamoja wanasema 160, wengine 80 juu wamegawanya kwa mbili. Yote si yenyewe mama. Frekansi hazijumlishwi! Kinachojumlishwa ni volti, kila wakati volti ya hili na ya lile, halafu unatafuta umbo zima linaanza kujirudia baada ya muda gani.

Fikiria mama yako na shangazi yako wanatwanga sombe, kila mutu na kinu chake, mmoja anapiga kila sekunde 2, mwingine kila sekunde 3, wameanza pamoja, basi watapiga tena pamoja kwenye sekunde ya 6. Ni hivyo tu. Wimbi la 100 Hz linazunguka kwa milisekunde 10, la 60 Hz kwa 16.67 hivi. Ukifika milisekunde 50 la kwanza limezunguka mara 5 na la pili mara 3 kamili, yote yako pale yalipoanzia, kwa hiyo periodi, ule muda wa kujirudia, ni milisekunde 50, frekansi 20 Hz. Njia ya mkato: kigawo kikubwa cha shirika cha 60 na 100.

Sasa hapa ndipo watu wanapotea. Ile 20 si wimbi jipya limezaliwa ndani, ukipima kila frekansi peke yake utakuta 60 na 100 tu, 20 ni mwendo wa kujirudia kwa umbo. Na kama zote ni 50 Hz, jumla ni 50 hata fazi zikiachana, yaani moja linatangulia lingine, isipokuwa ziwe na kimo kimoja na kupingana kabisa, hapo unabaki na sifuri. Frekansi ya pili ikiwa ni ya kwanza mara mzizi wa 2, umbo halijirudii hata ungoje mpaka kesho.

Wengine watakuambia toa tu, 100 kutoa 60, jibu 40. Hapana. Kutoa kunakupa mapigo, yaani kupanda na kushuka kwa kimo cha jumla, na mapigo ni ya frekansi zilizo karibu. Sisi tunayaona kwa macho tukiunganisha grupu (jenereta) mbili: tunaweka taa kati ya waya wa fazi wa hii na waya wa fazi wa ile (mbili kwa mfululizo, juu volti inaweza kupanda mara mbili), grupu moja ikiwa 50 Hz na ingine 50.5, taa inawaka na kufifia mara moja kila sekunde 2, polepole, unarekebisha gavana, kile kifaa kinachoongoza mwendo wa injini, mpaka iwake na kufifia polepole zaidi, na unafunga swichi taa ikiwa imezima. Ukifunga ikiwa inawaka, weee, utaona moto.

Ila soma ulizo vizuri, kama ameandika kuzidisha badala ya kujumlisha mambo yanageuka, hapo kweli zinazaliwa 40 na 160. Ndiyo maana nguvu ya kurani ya 50 Hz, ambayo ni volti kuzidisha kwa mkondo, inapiga kwa 100.

Jaribu 75 na 120. Ukipata 45 umetoa, rudi kwenye periodi. Ukipata 15, nitumie meseji, na hela ya silabisi nitaituma Ijumaa.

Papa yako