Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Umoja wa Ukoo, Ujiji: Mwaka Tuliomzika Babu

Assalaam alaykum warahmatullah.

Wazee wetu, shangazi zetu, kaka na dada, wajukuu na vitukuu mliofika, pamoja na mliotuma udhuru kutoka Kalemie, Bujumbura na Dar es Salaam, karibuni.

Taarifa hii huwa inaanza na ada na mahudhurio. Kwa idhini yenu, mwaka huu naanza na Babu. Alifariki Machi 2023, hapa hapa Ujiji, akiwa na umri wa miaka 85. Ndiye aliyeuasisi umoja huu. Wengi wa watoto waliokaa mbele yangu walimfahamu akiwa mzee wa kitini, kwa hiyo nitaeleza alikuwa nani.

Aliajiriwa katika Liemba, meli ya abiria ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1957, kijana wa miaka 19. Kazi yake ilikuwa kupaka mafuta na grisi kwenye mitambo. Aliionea fahari kazi hiyo, na kila Ramadhani baada ya futari alitueleza sababu. Wajerumani waliijenga meli ile Papenburg mwaka 1913, wakaifungua vipande vipande, ikaletwa hadi Dar es Salaam na kusafirishwa bara mpaka Kigoma, ikashushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikawaelemea, wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate. Lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake waliipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924 wakakuta mitambo bado inafaa, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Hapo Babu alikuwa akiinua kidole: "Aliyeipaka grisi hakumjua atakayeipanda."

Kwenye njia ya kutoka Kigoma hadi Mpulungu, Zambia, enzi zake vituo vingi havikuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufukwe, mara nyingi usiku, ikapiga honi, na boti za mbao zikaja kuizunguka. Abiria walipandia mlango wa ubavuni, katikati ya kelele, magunia ya dagaa na kuku. Babu, hata kama zamu yake imekwisha, alikuwa akipanda kutoka chumba cha injini na kusimama pale mlangoni kupokea watoto. Hakuna aliyemtuma. Mama mmoja wa Karema aliyekuja msibani alinionyesha mkono wake, juu kidogo ya kiwiko, akasema, "Alinishika hapa. Nilikuwa na miaka sita."

Hakuwa mtu wa kutulia. Safari moja meli ilipokawia Kasanga alikwenda kuyaona Maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 pale mpakani na Zambia, kwa sababu tu abiria alimwambia ukisimama juu unawaona ndege wakiruka chini yako. Akarudi akamsimulia Bibi. Mwaka uliofuata akampeleka Bibi naye akaone. Hivyo ndivyo alivyokuwa: akiona kitu kizuri peke yake, hatulii mpaka wa nyumbani nao wamekiona. Alipostaafu mwaka 1998 alituchukua wajukuu wanne, mimi nikiwa mkubwa wao, tukapanda treni ya Reli ya Kati hadi Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200, ili akaione bahari. Alikunja suruali, akachota maji kiganjani, akayaonja, akayatema. "Maji yote haya," akasema, "na chai hayapiki." Kisha akatuonjesha mmoja mmoja.

Mwaka 1997, akiwa amebakiza mwaka mmoja astaafu, Liemba na meli mwenzake Mwongozo zilirudisha maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Kongo kutoka Kigoma hadi Uvira, kwao. Alikataa likizo. Na mwaka 2015, Liemba ilipokuwa ikiwaleta Kigoma ndugu zetu Warundi waliokimbilia kijiji cha Kagunga, mpakani, yeye akiwa na miaka 77, alikodi bodaboda kwenda Kigoma kuwapokea, ndoo ya uji mapajani.

Daftari lake la jalada la kijani mnalijua. Kila ukurasa una jina la kituo juu: Lagosa, Ikola, Karema, Kirando, Kasanga. Chini yake kuna majina ya jamaa zetu wa pale, nani kaoa, nani kajifungua, nani ana miezi hajamwandikia mama yake. Kila safari alipeleka salamu na barua, akarudi na majibu. Pembe za kurasa zimelowa grisi na alama ya dole gumba lake bado inasomeka. Umoja huu ulizaliwa humo, miaka mingi kabla hatujaandika katiba.

Ndiyo maana kasoro yetu kubwa ya mwaka inaniuma. Babu alipofariki, habari hazikuwafikia jamaa wa Kalemie hadi siku ya tatu. Namba za simu tulizokuwa nazo zilikuwa za zamani, na hakuna aliyekuwa na jukumu la kuzihakiki. Mtu aliyepeleka habari za misiba ya wengine kwa miaka 41, msiba wake ukachelewa kufika ng'ambo ya ziwa. Walikuja, wakakuta kaburi. Nimewaomba radhi kwa mdomo, na leo naomba radhi mbele yenu kwa niaba ya kamati nzima.

Mengineyo kwa ufupi. Kamati ilikutana mara nne. Hesabu atazisoma mhazini. Itoshe kusema mfuko wa misiba ulitosha na mfuko wa elimu haukutosha, hivyo mapendekezo ya ada mpya yapo kwenye ajenda. Arobaini ilisomwa vizuri, na akina mama wa Gungu waliobeba upishi wote wanastahili shukrani kubwa kuliko hii niliyoiandika.

Kuhusu daftari, kamati imelinakili ukurasa kwa ukurasa. Kila kituo sasa kina mtu mmoja wa kupokea na kupeleka habari, na kila baada ya miezi mitatu atahakiki namba zake. Kwa kuwa Liemba haisafiri mwaka huu, safari ya kuwatembelea jamaa wa kusini itakuwa kwa boti, mwanzo Karema kisha Kirando, baada ya upepo wa kusi kutulia. Wanaotaka kwenda wajiandikishe kwa katibu.

Daftari lenyewe nimekuja nalo, lipo pale mezani kwa Bibi. Kurasa za mwisho Babu aliziacha tupu. Kabla ya chakula, kila kaya ipite kuandika majina ya watoto waliozaliwa mwaka huu. Kalamu imo ndani.