Shoga, laki nne haitoshi

Shoga angu,

Voisi yako nimeisikiliza mara mbili, ya kwanza nilikuwa nakuna nazi nikadhani nimesikia vibaya, eti laki nne inatosha Tanga mpaka Kigali na kurudi. Haitoshi mwaya. Nimeona nikuandikie manake kwenye simu utanikatiza uanze kucheka.

Mimi mwaka jana nilitoka na laki saba na nusu, siku kumi na mbili, nikashuka stendi ya Kange, Tanga, nina elfu kumi na moja mkononi. Laki mbili na themanini nilitenga nauli, halafu elfu thelathini na tano kila siku ya kula, kulala na kuzungukia mjini, elfu hamsini iliyobaki nikaishonea kwenye pindo la dera. Pasi ya kusafiria haimo humo, hiyo ni 150,000 peke yake, na usiniambie wenzetu wanavuka na kitambulisho, hao ni Wakenya, Waganda na Wanyarwanda wao kwa wao, sisi bado pasi. Viza hulipi popote, Kenya, Uganda wala Rwanda. Na kachanje homa ya manjano mapema, kadi inahesabika baada ya siku 10 tangu uchanjwe, ukishachanja ndo maisha, hurudii tena.

Sasa sikiliza penye uchungu. Kilichonila sio basi, ni hela ya Kenya. Moja yao ni kama ishirini zetu, sa unakaa Mombasa unaambiwa chapati na maharage na chai mia tatu, kichwa kinasikia mia tatu, mia tatu kwetu si hela, unaongeza na samosa, kumbe umeshakula elfu sita na kitu na bado hata hujashiba vizuri. Siku mbili tu nilikuwa nimekula posho ya siku nne. Uganda ikawa kinyume chake, naambiwa elfu kumi nashtuka naacha, kumbe yao ni nyepesi, hiyo kwetu ni kama elfu saba, nikajinyima bure wakati roleksi yao (chapati imeviringishwa na mayai, tamu hiyo!) ningekula mbili mbili. Baadae ndo nikanunua kidaftari nikawa naandika kila kitu kwa hela ya Tanzania kabla sijalipa, hata maji. Ungeniona ungesema karani wa mkonge.

Njia yenyewe unaijua, mpakani Horohoro unavuka Lunga Lunga upande wa Kenya, unafika Likoni pale Mombasa, feri kwa miguu bure. Treni ya kwenda Nairobi daraja la chini ni 1,500 yao, zamani ilikuwa 1,000 wakapandisha 2024, rahisi ukilinganisha na umbali wenyewe, ila steshini zote mbili ziko nje ya mji, Miritini huku na Syokimau kule, na hiyo nauli ya kwenda na kutoka mimi sikuipigia hesabu kabisa. Kuanzia Nairobi panda basi za usiku, Kampala usiku, Kigali usiku, umeokoa gesti mbili. Mgongo utauma, lakini mgongo ni wako haudai risiti.

Mpakani chenji kidogo tu, ya kukufikisha mjini. Mimi kuna kijana alinihesabia mbele ya macho yangu vizuri kabisa, nimekaa kwenye siti nakuta noti mbili zimekunjwa zimehesabiwa mara mbili. Nililia kidogo, afu nikalala.

Kigali nilifika Jumamosi ya mwisho wa mwezi, alfajiri, kumbe ni umuganda, nchi nzima iko kwenye usafi wa pamoja mpaka saa tano, maduka yamefungwa, pikipiki hakuna, nikakaa stendi na biskuti zangu kama mtoto aliyesahaulika madrasa. Na saa yangu ilikuwa mbele ya yao kwa saa nzima sikujua, yani nilisubiri mara mbili. Ila ndo siku niliyotumia hela kidogo kuliko zote hahaha.

Kurudi kupitia Rusumo, mpakani mwa Rwanda na kwetu, ni refu, usikate tiketi mpaka Dar, waulize ya Chalinze, unashuka pale unadaka basi za Tanga. Hapo ndo nilifumua lile pindo.

Kwahiyo mama, upatu wangu unatoka mwezi wa kumi, wewe ongeza laki tatu na nusu kwenye hiyo nne yako tuondoke Disemba. Kama huwezi tuishie Kampala, mimi sina neno, lakini niambie saivi sio siku tuko stendi. Na lile begi lako la magurudumu liache hukohuko Bagamoyo, tafuta la mgongoni.

Msalimie mama, mwambie bada lake, ule ugali wa muhogo, bado nalidai.

Ni mimi shogayo, Ngamiani, Tanga