Kwa mama wa mrija na glasi ya maji

Mama uliyekaa benchi la nyuma siku ya mazoezi ya kwaya yetu, jina lako sikuuliza, na aibu hiyo ni yangu.

Sauti ilikuwa imenikwaruza tangu Pasaka. Naimba sauti ya kwanza, na kila nikipanda juu nilikaza shingo nisizidiwe na kinanda. Tangawizi na asali nilikunywa mpaka nikakinai.

Ulinituma kwanza kwa daktari wa masikio, pua na koo, maana sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki 3 si ya kubahatisha. Nilipoambiwa hakuna kivimbe, ulinifundisha Jumamosi 4 bila kupokea hata nauli. Ukanipa mrija na maji nusu glasi: nipulize mapovu huku nikiguna noti, chini kwenda juu. (Wanangu walicheka hadi machozi.) Ukaniwekesha mikono ubavuni nisikie mbavu zikitanuka, mabega yametulia. Ukanikataza kunong'ona, nami nilidhani ndiko kupumzisha sauti.

Jumapili iliyopita niliimba ibada zote mbili, na jioni bado nilikuwa na sauti ya kumwita mtoto aliye nje.

Walimu wa kwaya, kabla hamjamwambia mtu "ongeza sauti", mtazameni shingo kwanza. Mama, asante sana. Mrija bado ninao.