Barua kuhusu gari la binti yetu

Lubumbashi, katikati ya mwezi wa kumi

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kwako, kwa mama watoto na kwa wote wa nyumbani Likasi. Sisi hapa Kamalondo tu wazima, ingawa joto la mwezi huu limetukalia vibaya na mvua bado tunaingoja. Barua yako nilikabidhiwa na binti yetu Jumapili, nikaisoma mara mbili kabla ya kushika kalamu, kwa sababu umeniuliza jambo zito: kama ulikosea kumnunulia mtoto Corolla ya mwaka 1996, na kama umfuate yule fundi anayetaka dola 700 ili aitoe injini iliyomo na kuweka nyingine ya mtumba. Nakuomba usitume hata dola moja. Injini ile ni nzima. Nimeikagua siku mbili, mtoto akiwa kando yangu, na nitakueleza tulichokiona ili uamue ukiwa unajua unachoamua.

Gari lilimchemkia saa saba mchana kwenye barabara ya Kasapa, alipokuwa akitoka darasani. Namsifu kwa alilolifanya: aliona sindano ya joto imepanda, akasogea pembeni, akazima injini na hakugusa kifuniko cha rejeta, lile tangi la mbele linalopoza maji ya injini, mpaka kilipopoa. Watu wameungua uso na mikono kwa kukifungua kikiwa cha moto, nawe mwambie tena kwa sauti ya baba. Fundi aliyeitwa alipofika aliona mvuke, akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya kichwa cha injini na silinda, imeungua na injini imekwisha. Hakutoa kijiti cha kupimia oili, hakufungua buji (plagi ya cheche) hata moja, wala hakumwuliza mtoto gari lilianza lini kupunguza maji. Hilo ndilo lililoniuma.

Sisi tulianza asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa. Nilitaka mtoto akifungue kifuniko yeye mwenyewe, kwa kuwa gari ni lake na mikono inayolijua inapaswa kuwa yake. Maji ya ndani yalikuwa na rangi ya chai iliyochemka kupita kiasi, na alipochovya kidole kilitoka na tope la kutu, laini kama unga wa muhogo uliolowa. Tukatoa kijiti cha oili: oili ilikuwa nyeusi, kwa kuwa imepitiliza muda wake, lakini haikuwa na ule weupe wa maziwa unaotokea maji yanapochanganyika nayo. Tukafungua buji zote nne, nazo zilikuwa na rangi ya kahawia iliyopauka, hakuna hata moja iliyong'aa kwa kuoshwa na maji, kama inavyokuwa gasketi inapotoboka na kuvujisha ndani ya silinda. Kisha tukawasha injini kifuniko kikiwa wazi, tukainama pale robo saa nzima. Vilitoka viputo vichache vya mwanzo, halafu maji yakatulia. Kama gesi ya silinda ingekuwa inapenya kwenye maji, viputo visingekoma. Hakuna kipimo kimoja kati ya hivi kinachotosha peke yake, lakini vyote vikisema neno moja, mtu hana sababu ya kupasua injini.

Basi kwa nini gari lilichemka? Nilimpa mtoto kile kifuniko akigeuze. Mpira wake wa ndani ulikuwa umepasuka, na ufa wenyewe ulikuwa mpana kiasi cha kuingiza ukucha, na springi yake ililegea ukiibonyeza kwa kidole gumba. Juu yake bado panasomeka tarakimu 0.9, ambayo ni kadiri ya mgandamizo unaopaswa kushikiliwa ndani ya rejeta. Watu wengi hudhani kifuniko kile ni cha kuzuia maji yasimwagike tu. Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwenye mwinuko huo maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, wala hayangoji 100. Kifuniko kizima kinapobana mgandamizo wake, maji yaleyale hayachemki mpaka yapite nyuzi 110. Injini ya aina ile hufanya kazi kati ya nyuzi 80 na 95. Kifuniko kikiwa kimekufa, kati ya afya na kuchemka hakuna nafasi yoyote: msongamano kidogo wa magari, jua la mwezi wa kumi, na maji yanatoka kwa mvuke. Gari lilikuwa likipoteza kikombe kimoja leo, kikombe kingine kesho, na mtoto alikuwa akijaza kwa maji ya bomba bila kujua anajaza kitu kinachovuja kwa juu.

Tulikuta mambo mengine mawili. La kwanza ni kwamba themostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, haimo. Mtu aliyekuwa na gari hili kabla yetu aliing'oa. Desturi hii imeenea sana, kwa imani kwamba nchi za joto haziihitaji, nami naipinga kwa moyo wote. Bila themostati injini huchelewa kupata joto lake, na wewe unajua asubuhi zetu za mwezi wa sita na wa saba zilivyo baridi. Injini inayofanya kazi ikiwa baridi hunywa petroli nyingi na huchakaa upesi, na mwanafunzi ndiye wa kwanza kuumia kwa petroli. La pili ni kwamba mapezi ya rejeta, vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa, yalikuwa yamezibwa na vumbi jekundu la kiangazi pamoja na mbegu za majani, hata hewa haikupita vizuri. Tuliyaosha kwa maji ya mpira, tukipiga kutoka upande wa injini kwenda mbele, taratibu, ili mapezi yasilale.

Feni tuliijaribu pia. Kwenye Corolla nyingi za miaka ile, ukiwasha swichi ya gari na kuchomoa soketi ya swichi ya joto inayoamuru feni, feni huanza kuzunguka yenyewe. Ikizunguka, ujue mota, fyuzi na waya ni vizima. Ya kwetu ilizunguka, na mtoto alifurahi mno, maana anasoma jiolojia na anapenda kuona jibu kwa macho.

Tulimwaga maji, tukajaza na kumwaga tena mara tatu mpaka yakatoka meupe. Nilinunua kifuniko kipya, themostati ya nyuzi 82 na gasketi yake, na kulanti, yaani dawa ya maji ya rejeta, ya kuchanganya nusu kwa nusu na maji safi. Vyote pamoja havikufika dola 50. Kulanti si anasa, kwa maana kazi yake ya pili ni kuzuia kutu, na lile tope ulilosimuliwa ni kutu ya injini yenyewe iliyoliwa na maji matupu. Tangu siku ile mtoto ameendesha zaidi ya wiki nzima, ameingia Kasapa na kurudi, na sindano haipiti katikati.

Nakuandikia haya kwa urefu kwa sababu nilipokuwa mwanafunzi mimi pia nilipoteza fedha za baba yangu kwa kununua kipuri kabla ya kuujua ugonjwa. Gari langu lilikuwa halitaki kuwaka asubuhi, na nikaambiwa betri imekufa. Nikanunua mpya. Baada ya miezi minne ikawa vilevile, nikanunua ya pili, nami nilikuwa nikila mlo mmoja kwa siku ili niilipe. Mwisho mzee mmoja wa Katuba alipima kwa mita ya umeme: betri ilikuwa na volti 12.6 gari likiwa limezimwa, yaani imejaa, lakini mtu akipiga staata umeme haukufika. Akafuata ule waya wa hasi unaofungwa kwenye bodi na kwenye injini, ule tunaouita masi, akaufungua, akakwangua chini yake kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, akaufunga tena. Gari likawaka kabla mkono wangu haujaacha ufunguo. Kwa hiyo nimemnunulia binti yetu mita ndogo, na nimemfundisha tarakimu mbili: 12.6 gari likiwa limepumzika, na kati ya 13.8 na 14.4 injini ikiunguruma. Ya pili ikishuka chini ya 13, alternata, yaani mashine inayochaji betri, au mkanda wake ndio wa kulaumiwa, wala betri haina kosa.

Sasa niseme juu ya jambo linalonitia hofu kuliko injini. Gari hili lina usukani wa kulia, kwa kuwa lilitoka Japani na kupitia Tanzania na Zambia kama mengi ya hapa mjini, nasi tunaendesha upande wa kulia wa barabara. Ndani ya mji si tatizo kubwa. Lakini kwenye njia ya Likasi, nyuma ya lori refu la madini, dereva wa usukani wa kulia amekaa upande wa majani na haoni kinachokuja mbele mpaka gari lake zima limekwisha kujitokeza katikati ya njia. Nimemkataza kabisa kuyapita malori akiwa peke yake. Akae nyuma, aache nafasi, achelewe. Tena, taa za magari yaliyotengenezwa kwa Japani zimekatwa ili mwanga wa chini unyanyuke upande wa kushoto, yaani huku kwetu unampiga machoni dereva anayekuja. Kuzishusha kwa skurubu kunasaidia kidogo, ila mwanga bado unakwenda upande usiofaa. Nimekwisha kuulizia taa za usukani wa kushoto za aina ileile, na fundi wa taa ameahidi kuzifunga Alhamisi.

Matairi ya mbele hayafai. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya duara refu: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Yake yanasoma 3211, maana yake wiki ya 32 ya mwaka 2011. Yana kashata (meno ya tairi) nzuri kwa kutazama, lakini mpira umekauka na kupasukapasuka pembeni, na mvua zikianza mwezi ujao hayatashika lami. Kama una fedha kidogo za kutuma, tuma za matairi mawili, na usikubali ya mtumba bila kuusoma mwaka wake. Breki nimeziangalia: pedi bado nene, ila mafuta ya breki ni meusi. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama hayajapungua. Tutayabadilisha pamoja Jumamosi, na oili pia. Mkanda wa taimingi, ule wa ndani unaoendesha valvu za injini kwa wakati wake, hakuna anayejua ulibadilishwa lini. Toyota iliupangia kilomita 100,000, na kwa kuwa historia haipo nauhesabu kuwa umekwisha, basi uwe wa kwanza kwenye bajeti ya mwaka mpya.

Nimempa mtoto daftari la karatasi za mraba. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya kuwasha, anaandika kilomita, kiwango cha oili, kiwango cha maji na upepo wa matairi, na kila anapojaza petroli anaandika lita. Usiku hutandika kipande cha katoni chini ya injini. Doa jeusi ni oili, doa la kijani ni kulanti yetu, na doa jepesi kama mafuta ya kula karibu na gurudumu ni breki, na siku hiyo gari haliondoki. Mwanzoni aliona ni kazi ya bure, na sikumlaumu, maana ana masomo mengi. Wiki ya pili yeye mwenyewe alinijia na kuniambia: «Baba mdogo, lita zimepungua tangu tuweke themostati.» Tukapiga hesabu, na kweli zilikuwa zimepungua. Tangu hapo daftari linakaa kwenye mkoba wake wa shule.

Hukukosea kumnunulia gari lile. Vipuri vyake vinapatikana hapa mjini kila kona, mafundi wanalijua, na mambo yake mengi mtu anaweza kuyakagua kwa mikono, mita na subira. Ulichokosa ni kumwuliza mwenye gari maswali kabla ya kulipa, na hilo tumelifanya sasa kwa niaba yako.

Matairi yakifungwa na taa zikiwa tayari, nitamwachia aje kwenu Jumamosi itakayofuata. Ataondoka hapa saa kumi na mbili asubuhi, na kurudi kabla ya giza Jumapili; asikubali kurudi usiku hata kama mama yake atamsihi abaki kwa chakula. Safari ni kilomita 120 hivi, na huko ndiko tutakakojua kama kazi yetu ni nzuri. Atakapoingia uani, mzuie asizime injini mara moja. Chungulia sindano ya joto iko wapi, sikiliza kama feni inawaka na kuzima, kisha asubuhi ya pili, gari likiwa baridi, fungueni kifuniko pamoja na mtazame maji yana rangi gani. Uniandikie vyote viwili.

Wako, rafiki yako wa Kamalondo