Barua kwa wenye nyumba wa Dodoma: wapangisheni wanaotoka Mirembe

Wanangu wenye nyumba za kupangisha,

Salaam kwenu na kwa familia zenu. Mimi mama yenu ni muuguzi mstaafu wa wagonjwa wa akili. Nawaandikia ninyi kwa sababu funguo za vyumba mnazo ninyi, na kuna wenzetu wanaopata nafuu hospitali kisha wanakosa pa kulala.

Hospitali ya Mirembe, ya wagonjwa wa akili, ipo mjini kwetu tangu mwaka 1927, na nchi nzima imegeuza jina lake kuwa tusi. Mgonjwa akiruhusiwa anaondoka na dawa zake, kadi ya kliniki na tusi hilo. Pengine anafika kwao akakuta chumba chake amepewa mdogo wake aliyeoa. Dalali anamtafutia kingine, mazungumzo yanakwenda vizuri, mpaka mpangaji mmoja anong'one uani. Kesho yake anaambiwa chumba kimeshapata mtu. Basi anaishia stendi au kwenye vibaraza vya sokoni. Huko vidonge vinapotea, chakula cha kumezea dawa hakuna, tarehe ya sindano inampita. Akirudiwa na ugonjwa mnasema, "Si tulijua?" Hapana, wanangu. Amerudiwa kwa kukosa pa kukaa.

Hofu yenu naijua: atachoma nyumba, atapiga watoto. Watu wengi wenye skizofrenia, yaani ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti au aamini mambo yasiyokuwepo, hawamdhuru mtu. Wao ndio huporwa na kupigwa. Siwafichi kwamba siku mbaya zipo, lakini mara nyingi hutanguliwa na dalili. Anakesha siku mfululizo, anaacha kuoga, anawashuku wapangaji wenzake, anasema dawa hazihitaji tena. Kwa hiyo kabla ya kumkabidhi ufunguo, mwombeni yeye mwenyewe namba ya ndugu anayemwamini na ya kliniki anakohudhuria, mkubaliane mtampigia nani na lini. Mkimwona mikono inatetemeka au anatembea kwa kukakamaa, msimwite mlevi. Mara nyingi ni dawa, na akimweleza daktari dozi yaweza kubadilishwa.

Ninayowaomba yamekwisha kufanyika kwingine. Mwaka 1954, huko Aro, Abeokuta, Nigeria, Daktari Thomas Adeoye Lambo alianza kuwaweka wagonjwa katika nyumba za wanakijiji. Asubuhi walikwenda hospitali kutibiwa, kisha wakarudi kwa wenyeji wao, na ndugu zao walikuwa nao hapo. Kanada nao, kati ya 2009 na 2013, walijaribu katika miji mitano kuwapa nyumba kwanza watu wenye ugonjwa wa akili waliokuwa hawana makazi, bila kuwawekea sharti la matibabu. Waliopewa walidumu ndani ya nyumba kuliko walioachiwa huduma za kawaida. Kinachonigusa zaidi hapo ni kwamba mwenye nyumba naye alikuwa na mtu wa kumpigia mambo yakiharibika. Fungu la fedha kama lao hatuna. Balozi wa nyumba kumi tunaye, na mhudumu wa afya wa mtaa tunaye.

Kuhusu kodi ya miezi sita kwa mkupuo: anayeishi kwa vibarua haiwezi. Pokeeni ya mwezi mmoja mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo tunapokosea hata sisi wenye huruma. Nimeona mtu amepangishwa, analipa, na bado yuko peke yake. Kadi ya mchango wa harusi inaruka mlango wake. Msiba ukitokea haambiwi. Zamu ya kufagia uwanja na kuosha choo hapewi, eti anapumzishwa. Mpeni zamu. Mdaini mchango, hata awe na elfu moja tu. Mwiteni kwenye mpira, na msibani apewe kazi ya kuchota maji kama wengine. Asipopenda kuongea, akae kimya katikati yenu. Watoto wenu wakimwita chizi, wakemeeni pale pale, naye akisikia.

Mwenye chumba kitakachokuwa wazi mwezi ujao amwambie balozi wake. Nitakuja na mpangaji mwenyewe na ndugu yake, tuketi pamoja na wapangaji wengine, yeye aseme anachotaka wajue kuhusu ugonjwa wake na asichotaka, ndipo tuandikiane mkataba. Miezi ya kwanza nitapita kuwajulia hali, yeye na ninyi.

Mama yenu,
Muuguzi mstaafu, Dodoma