Baridi Unaisingizia

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Sisi sote wazima. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nikicheka, mara ya pili nikikuonea huruma. Mtu mzima alfajiri na mapema, pumzi zinamtoka kama moshi, anapiga kiki hadi mguu unaingia ganzi, na pikipiki imemnunia! Najua pia ulichofanya baada ya hapo ingawa hukuandika: ulishikilia stata mpaka ikabaki kulia tik-tik-tik.

Unasema kosa ni la baridi, kwa sababu ulipoiegesha miezi minne iliyopita ilikuwa inawaka kwa kiki moja. Hapo tunabishana. Baridi imechangia, sikatai, lakini imekuja mwisho ikakuta kazi imeshafanywa na hiyo miezi minne. Pikipiki hiyohiyo ungekuwa unaiendesha kila siku, ingewaka asubuhi hiyohiyo, labda kwa kunung'unika kidogo.

Anza na betri, maana ndiyo uliyoitesa. Betri ya asidi hupoteza chaji hata ikikaa bila kazi, na baridi inapunguza nguvu inayoweza kuitoa. Wakati huohuo oili imekuwa nzito, kwa hiyo stata inahitaji nguvu nyingi zaidi siku ambayo betri ina kidogo zaidi. Usidanganywe na taa kuwaka. Taa kubwa inataka ampea nne au tano hivi. Stata inataka makumi ya ampea kwa mkupuo. Ipime kwa mita ikiwa imetulia: volti 12.6 au zaidi imeshiba, 12.0 imekwisha, hata kama taa inakung'alia. Kisha mtu abonyeze stata wewe ukitazama mita. Ikiporomoka chini ya 10, hapo usiendelee kubonyeza. Stata itameza umeme wote, na plagi itabaki na cheche dhaifu isiyoweza kuwasha kitu. Ichaji polepole usiku kucha, kwa ampea zisizozidi sehemu ya kumi ya ukubwa wake. Kama ni ya Ah 6, yaani ampea-saa sita, basi ampea 0.6 zinatosha. Na kama utaazima umeme kwenye betri ya gari, injini ya gari iwe imezimwa.

Lakini wewe una kiki, na kiki nayo imeshindwa. Kwa hiyo betri si habari yote.

Fungua plagi uitazame. Mimi mwaka ule pikipiki yangu ilipokataa kuwaka nilihangaika siku mbili nzima kabla ya kuifungua, na ningeifungua mapema ningejua la kufanya ndani ya dakika tano. Ukiikuta imelowa na inanuka petroli, injini imelewa: umeipa choki na kiki nyingi, mafuta yameingia lakini hayakuungua. Hapo rudisha choki, funga koki ya petroli, fungua akseleta yote, na upige kiki kadhaa plagi ikiwa nje ili injini ijipepee. Kofia ya plagi iweke mbali na lile tundu, na plagi nyingine ichomekwe ndani ya kofia hiyo ikigusa chuma cha injini, la sivyo cheche itakutana na mvuke wa petroli mbele ya uso wako. Plagi ya kwanza ikaushe au weka mpya. Ukiikuta kavu kabisa baada ya kiki zote hizo, basi mafuta hayafiki, na mimi naweka dau hapo.

Sababu ni hii. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko, na vile vyepesi ndani yake, ambavyo ndivyo vinavyogeuka mvuke upesi na kukubali kuwaka, ndivyo vinavyotoroka kwanza ikikaa. Kinachobaki ni kizito na kivivu. Siku ya joto kingeweza kukusitiri. Siku ya baridi hata petroli mpya inasita kugeuka mvuke, sembuse hiyo iliyochacha. Ndiyo maana ya choki: inaongeza mafuta mengi kuliko kawaida ili walau kile kidogo kinachogeuka mvuke kitoshe. Na ukiivuta choki, usiguse akseleta. Kwenye kabureta nyingi za pikipiki, yaani kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, ukifungua akseleta unapunguza ule mvuto unaopandisha mafuta ya choki, ukadhani unaisaidia kumbe unainyima. Kosa hili nimelifanya miaka mingi kwa kujiamini kabisa.

Sasa hayo mafuta yaliyobaki chini ya kabureta, kwenye kile kikombe, yanakauka na kuacha utando kama vanishi. Utando huo hauna haja ya kuziba kila mahali. Kuna jeti ndogo, ile inayolisha injini inapowaka na inaponguruma taratibu. Kwenye nyingi tundu lake halifiki nusu milimita. Likizibwa robo tu, utaisikia pikipiki inataka kuwaka na haiwaki, au inawaka na kufa papo hapo unaporudisha choki. Uliandika kwamba mara moja ilikohoa ikazima. Niliposoma hapo nikasema, ni jeti.

Kabla ya kufungua kabureta yote, legeza skrubu ya chini ya kikombe na kinga petroli kwenye chupa safi ya kioo. Fanya hivyo nje, bila sigara wala taa ya moto. Iache chupa itulie uitazame. Petroli nzuri inang'aa na inanuka kwa ukali. Iliyochacha ina rangi ya chai hafifu na harufu ya rangi ya mafuta. Maji, kama yapo, yatakaa chini yakijitenga, maana petroli inaelea juu yake. Yangu ilikuwa na vyote viwili! Mwaga, toa na ya tangini, weka mpya, fungua koki, subiri kikombe kijae, ujaribu. Wakati mwingine hilo peke yake linatosha. Lisipotosha, kabureta ishushwe, jeti itolewe, ipulizwe kwa dawa ya kabureta na hewa ya pampu. Waya wa chuma usitie humo. Jeti ni ya shaba laini. Ukilipanua tundu umelipanua, na pikipiki itakunywa mafuta kupita kiasi siku zote.

Chungulia oili pia. Kijiti cha kuipimia kikinuka petroli na oili imepanda kupita alama, kabureta imevuja ndani ya injini. Badilisha oili kabla ya kuwasha. Na siku ukiibadilisha, soma namba iliyo mbele ya W: 10W-40 inazunguka kwa wepesi zaidi kwenye baridi kuliko 20W-50, ila fuata kitabu cha pikipiki yako.

Kuisukuma je? Ndiyo, gia ya pili, klachi ndani, mbio, achia. Kwenye baridi kali sahani za klachi hushikana kwa oili nzito na gurudumu linaburuzika badala ya kuzungusha injini, ukaishia kuchoka bure. Mimi nilianguka nayo, taratibu, kama mtu anayelala. Shemeji yako alikuwa dirishani.

Lingine la kukiri, nawe usilisambaze. Nilipomaliza kusafisha kabureta ile, kwa siku nzima, vidole vimekufa kwa ubaridi, injini ikakataa tena. Nikakagua swichi ya kuzimia. Nikakagua fyuzi. Nikatazama swichi ya stendi, maana ikikwama pikipiki haiwaki. Yote salama. Ndipo nikakumbuka kwamba nilipoiegesha nilisokomeza kitambaa kwenye eksozi ili panya wasijenge humo. Nilikichomoa nikapiga kiki. Ikawaka. Kwa hiyo tazama eksozi, na kwenye chujio la hewa pia, maana panya hawakosi ubunifu.

Ikishawaka, iwe nje, si ndani ya banda lililofungwa. Moshi wa eksozi una sumu isiyo na harufu. Usiivurumishe kwa hasira. Iache oili ipande, kisha itoe uiendeshe nusu saa hivi. Kuiwasha dakika tano na kuizima ni kuimaliza betri na kuacha maji ya mvuke ndani ya injini.

Safari ijayo ukiondoka, jaza tangi lisipate kutu, funga koki na uiache ingurume hadi ijizime yenyewe kikombe kikauke. Betri itoe, ukianza na waya wa hasi.

Niandikie rangi ya hiyo petroli ya chupani. Kama ni chai, njoo Jumamosi na kabureta mkononi tuifungue pamoja. Kama inang'aa, basi nimekosea na tutaanza upya kwenye cheche.

Wako,
Mwenzio wa spana